Jumapili ya Eric Liddell

Bwana Yesu asifiwe. Makocha, vijana wa timu, muda ni mfupi, kwa hiyo nitamzungumzia zaidi mtu mmoja: Eric Liddell, Mskoti, mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa Tianjin, China, mwaka 1902.

Habari ya Olimpiki ya Paris, 1924, wengi mnaijua. Mchujo wa mita 100 ulipangwa Jumapili, tarehe 6 Julai, naye akakataa kukimbia siku ya Bwana. Wasimulizi hupenda kusema alishtukizwa akiwa njiani. Sivyo. Ratiba aliijua miezi kadhaa kabla, akasema mapema, akahamia mita 400 na kuzifanyia mazoezi. Hata mbio za kupokezana vijiti aliziacha, maana nazo ziliangukia Jumapili. Lawama alizipata, tena za kukosa uzalendo. Ijumaa tarehe 11 akapangiwa njia ya nje kabisa, ambako huwaoni wenzako, akachomoka kana kwamba anakimbia mita 200 tu. Sekunde 47.6. Dhahabu.

Wahubiri wengi huishia hapo. Mimi napenda zaidi ya mbele.

Alirudi China kufundisha na kuhubiri. Vita vilipokuja, Wajapani walimfunga katika kambi ya Weixian, na humo akawa ndiye msimamizi wa michezo ya vijana. Jumapili hakuna mechi. Vijana wakachoka kukaa bure, wakacheza mpira wa magongo wenyewe, bila mwamuzi, ukaisha kwa kupigana. Jumapili iliyofuata Liddell akatoka na filimbi yake, akachezesha.

Je, alilegea? Mimi nasema hapana. Paris aliyepoteza alikuwa yeye. Kambini wangeumia watoto wa watu.

Hapo ndipo ninapotaka makocha mnisikie. Marekani, kocha msaidizi Joseph Kennedy wa sekondari ya Bremerton alikuwa akipiga goti katikati ya uwanja baada ya mechi, anasali. Mwaka 2015 shule ikamsimamisha kazi; mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikampa haki, majaji 6 kwa 3. Nilifurahi, sifichi. Lakini hoja ya waliompinga haikuwa ya kipuuzi: kijana anayetafuta namba akimwona kocha amepiga goti, atabaki amesimama? Sisi huku tunaomba kabla ya mechi, mikono imeshikana, na kwenye duara yumo Hamisi. Nani aliwahi kumuuliza?

Na mchezaji Msabato mwenye mechi Jumamosi: asikuvizie asubuhi ya mchezo, akakuacha na wachezaji kumi. Aseme siku ya usajili. Nawe kocha, akishasema, usimwadhibu kwa kumweka benchi Jumatano.