Shangazi, Siombi: Naishi kwa Zeze

Asalaam aleikum Ujiji. Hamjambo Mwanga, Gungu, Katubuka, hamjambo Kasulu na Buhigwe. Shikamooni wazee wangu wote mnaonitazama. Leo sipo barabarani, nipo chumbani kwangu hapa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani. Nje inanyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na hali kama hii zeze halitoki ndani. Basi nimepata wasaa wa kukaa na ninyi, niseme jambo ambalo wiki mbili sasa limenikaa kifuani.

Kuna klipu imezunguka kwenye grupu la ukoo. Mpita njia alinirekodi nikipiga zeze mtaani, nimevaa koti zito, mbele ya miguu yangu kuna kofia yenye sarafu. Ikafika Kigoma. Shangazi yangu wa Mwanga akaitazama, akalia, akampigia mama simu: "Mtoto wetu kaenda Ulaya kuwa ombaomba." Mama naye akanipigia usiku, sauti imemkauka, akaniuliza kama nimekula.

Shangazi, shikamoo. Nimekula. Kodi ya mwezi huu nimelipa. Na kazi yangu nataka nikueleze taratibu, maana wewe ndiye uliyekuwa unampokea babu zeze lake stesheni akirudi safari. Kazi hii unaijua kabla yangu.

Babu alikuwa na shamba Kasulu, hilo wote mnalijua. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja alikuwa mkulima kama wakulima wengine. Mavuno yakishaingia ndani, anafuta vumbi zeze, anafunga shuka moja na kikombe, anaondoka. Watu walisema anazurura. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani hivyo hivyo. Nimekuja kuelewa nikiwa huku, baada ya kusimama barabarani misimu minne, kwamba yule mzee alikuwa na kalenda kichwani.

Chukueni Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapo Kigoma. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Taa inawashwa, dagaa wanaufuata mwanga, wanajazana pale chini, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakosa nguvu, mitumbwi inavutwa mchangani na watu wanapumzika. Sasa mtu asiyejua angesema mpigaji aende Kibirizi samaki wanapopatikana. Babu hakwenda siku hizo hata mara moja. Wakati wa giza mvuvi usiku yupo ziwani na mchana amelala, hana sikio la wimbo. Babu alikuwa anafika mbalamwezi inapoanza. Hapo mvuvi ana hela ya giza zima mfukoni, amekaa anashona nyavu, mikono ina kazi lakini masikio yako wazi. Siku sita, saba, babu anapiga pale. Wanamtunza hela, wanamtunza dagaa wakavu, mwenye mawese anampimia mawese. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, yeye huyo, ameshahama.

Halafu treni. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kwa mtu wa zeze ile reli ilikuwa barabara yenye watu waliokaa wakisubiri. Babu aliipenda Tabora kuliko stesheni zote. Pale ndipo mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yanapoachana, treni inasimama muda mrefu, abiria wanashuka kununua asali na kunyoosha miguu. Lakini hakuanza kupiga treni ikiingia tu. Alikuwa anapita kwanza kwa mama wa chai, anauliza: behewa lile wamepanda watu wa wapi? Wapo wa Nguruka? Wapo wa Uvinza? Ndipo anakaa chini, anauweka uta kwenye uzi, na katika wimbo anakitaja kijiji cha mtu, na mto wake, na chumvi yao. Mtu akisikia kwao kunatajwa akiwa mbali na kwao, mkono unaingia mfukoni bila kutumwa.

Na mara moja moja Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa anapanda Kigoma anashuka huko chini, Kipili au Kasanga. Wanaoijua safari ile wanajua kwamba vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilikuwa inasimama ziwani, mitumbwi inakuja kuizunguka, watu wanateremka na mbuzi, na magunia, na watoto, kelele tupu. Babu alikuwa anashuka mkono mmoja umeshika kamba, mkono wa pili umeliinua zeze juu ya kichwa lisilowe. Alinionyesha alivyokuwa anasimama, ameinua mkono hivi, mbele ya mlango wa jikoni kwetu. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini wakati ananionyesha, na mkono haukutetemeka.

Ngoja niisogeze kamera mlione. Hili si la babu, la babu liko Kasulu. Kibuyu ni cha nyumbani, mti ni wa nyumbani, uzi mmoja. Ngozi hii ni ya mbuzi. Zamani ilikuwa ya kenge, na kwa wale vijana wanaotaka kusafiri na ala zao naomba hapa mnisikilize vizuri. Kenge wako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ngozi yao haivuki mipaka hivi hivi, inataka kibali. Mimi sikulijua hilo. Uwanja mmoja wa ndege wakanisimamisha, wakaliweka zeze mezani, wakaniuliza ngozi ya nini. Nikasema kweli. Wakaichukua. Nilitoka pale na kibuyu kilicho wazi na mti. Nililia kwenye treni mpaka nafika. Wambeni ya mbuzi, inalia vizuri, sauti nene kidogo tu.

Ngozi huku ina tabia zake. Unyevu ukiingia inalegea, sauti inakuwa kama mtu mwenye mafua. Nyumbani tungeipasha motoni au kuianika juani dakika chache. Huku jua lenyewe ndilo hilo mnaloliona dirishani, kwa hiyo kabla ya kutoka naipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, huku naigonga kwa kidole mpaka inaitika. Ukizidisha inapasuka. Nimepasua mbili.

Sasa barabara ya huku. Huwezi kusimama popote unapotaka ukapiga mpaka jioni. Miji mingi inakuruhusu nusu saa mahali pamoja, kisha unahama, na spika za umeme hawataki. München ukitaka kupiga katikati ya mji unaomba kibali manispaa, na wanakusikiliza kwanza kabla ya kukupa. London, kwenye treni za chini ya ardhi, tangu 2003 kuna mpango wa leseni na sehemu maalumu zilizochorwa sakafuni za kusimama mpigaji. Paris shirika la metro lina watu wake wa kusikiliza na kuchagua, na aliyepita anapewa beji. Shangazi, ombaomba hafanyiwi usaili.

Kujua pa kusimama ndiyo nusu ya kazi, na hapo ndipo namwona babu kila siku. Sisimami mbele ya mgahawa wenye meza nje, kwa sababu aliyekaa anakula hana pa kwenda. Wimbo wa tatu ukimchosha anakuita kero. Nasimama penye njia inayobana kidogo, ukuta wa jiwe nyuma yangu unisaidie kurudisha sauti, karibu na duka la mikate ambako watu wanatoka na chenji mkononi. Jumamosi asubuhi, siku ya gulio, saa nne mpaka saa saba. Mchana nahamia mji mwingine. Kuna tiketi moja ya mwezi ya treni za kawaida kwa nchi nzima, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, sasa imepanda, lakini bila tiketi hiyo kazi hii isingewezekana. Siku hizi nina pia kimashine kidogo cha kadi, maana vijana wengi hawatembei na sarafu.

Mnataka kujua hela. Nitasema. Siku mbaya nimewahi kurudi na euro 9. Siku nzuri kabla ya Krismasi nimewahi kupata 120. Siku za kawaida ziko katikati, na kuna siku nyingi kama leo ambazo ni sifuri. Kwa barabara peke yake ningeshindwa kodi. Lakini mtu anasimama, anasikiliza, anasema binti yangu anaolewa mwezi wa sita, utakuja? Mwalimu wa chekechea anapita, ananiita nikawaonyeshe watoto. Barabara inanipa chakula, mialiko inanipa kodi. Babu vivyo hivyo: Kibirizi ilimpa dagaa, harusi ndizo zilizonunua mabati.

Na kuna jambo moja la huku ambalo natamani mno liwepo kwetu. Wana mfuko unaoitwa Künstlersozialkasse, ulianza kazi mwaka 1983. Msanii aliyejiajiri anaingia humo, analipa nusu tu ya michango ya bima ya afya, ya matunzo na ya pensheni. Nusu ya pili inatoka serikalini na kwa kampuni zinazotumia kazi za wasanii. Kwa kawaida unatakiwa uonyeshe kwamba sanaa yako inakuingizia zaidi ya euro 3,900 kwa mwaka. Ile barua ya kukubaliwa nilipoipata nilikaa nayo kitandani muda mrefu. Babu alikufa kwa kikohozi ambacho hakukiendea hospitali mapema kwa sababu ya hela, na aliimba harusi za nusu ya wilaya.

Niwaambie ya Papenburg. Ni mji mdogo, treni tu kutoka hapa, una mifereji katikati na meli za zamani zimeegeshwa humo. Nilikwenda kwa makusudi. Mnajua Liemba ilijengwa pale? Mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikasafirishwa Dar, ikapandishwa treni, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Nikasimama pembeni mwa mfereji nikapiga wimbo wa babu wa kushuka melini. Mzee mmoja akasimama na baiskeli yake mpaka nikamaliza. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kigoma. Akasema "Goetzen" kabla sijaongeza neno. Nikamweleza habari ya babu na mkono ulioinua zeze juu ya mitumbwi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka noti kwenye kofia, akaikandamiza kwa sarafu isipeperushwe. Hakusema pole. Alisema ahsante.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, shangazi. Anayemsaidia ombaomba anamwambia pole. Mimi naambiwa ahsante, kwa sababu nimetoa kitu.

Na kinachoniuma si wewe kulia. Kinaniuma kwamba huku mgeni ananilipa kwa wimbo wa babu, na kwetu wapigaji waliobaki tunawarekodi bure. Babu walimfuata watu fulani, wakamrekodi nyimbo tatu chini ya mwembe, wakampa soda na elfu tano. Hakuna karatasi, hakuna jina. Miaka miwili baadaye tukaisikia sauti yake kwenye tangazo la redio tumekaa tunakula. Akaacha kula, akasikiliza mpaka likaisha, akanawa mikono. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na BASATA, baraza la sanaa la taifa, lipo. Lakini mzee wa zeze hawezi kudai kitu ambacho hakuna aliyemwandikia. Ninyi vijana mnaojua kujaza fomu, mjazieni.

Kuna yule mzee anayepiga sokoni Mwanga. Jina lake silitaji, wa Mwanga mnamjua. Kila wiki naona klipu zake mpya, watu wamemzunguka na simu juu, na kwenye kile kikapu chake naona mia tano mbili. Mjukuu wake ana simu. Msaidieni apate lipa namba, ile namba ya kupokea malipo kwa simu, iandikwe kwenye ubao, na kila anayerusha klipu aiandike ile namba chini. Kabla ya kuinua simu, weka chochote kikapuni.

Na mimi pia nina deni kwake. Mwezi wa sita nilitazama klipu yake moja mara nyingi sana, kuna mahali anauteleza uta na kuurudisha haraka, sauti inakuwa kama ndege wawili wanajibizana. Nilijifunza pale pale, bila kumwomba, na toka hapo nakipiga kipande hicho kila Jumamosi, na watu wanasimama kwa ajili yake. Basi shangazi, asubuhi nimekutumia elfu themanini kwenye simu yako. Thelathini ni yako ya sukari. Hamsini mpelekee yeye kesho sokoni, umpe mkononi, umwamkie kwa niaba yangu, umwambie ni malipo ya kile kipande, na kwamba naomba ruhusa ya kuendelea kukipiga. Akikataa, niambie, nitaacha.

Sasa nakipiga ili umkumbushe kipi. Sogeza simu karibu na sikio, ngozi leo imelegea kidogo.