Kunyanyua Gari Unayoitumia Kila Siku: Shika Tepu Kwanza, Inchi Baadae

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena gereji kwetu hapa Tanga, leo nguo safi nimeziacha nyumbani maana nusu ya video tutakuwa tumelala chini ya gari. Nimeulizwa sana hii ishu ya kunyanyua gari, yani mtu anakuja kashaamua kabisa, fundi nataka inchi 4, ukimuuliza gari unafanyia nini anakwambia asubuhi napeleka watoto shule, mchana ofisini, alafu wikiendi naenda shamba Muheza. Sasa video hii ni ya huyo mtu. Wa mashindano ya matope atanisamehe.

Gari yetu ya leo ni hii Prado yangu mwenyewe ya 1998, mbele kila tairi inacheza kivyake, nyuma ekseli moja nzima, koili springi pande zote nne.

Tuanze. Kabla hujashika simu kutafuta bei, shika tepu. Paki sehemu tambarare, sio kwenye mchanga wala mteremko, upepo uwe sawa tairi zote, na vile vitu unavyotembea navyo kila siku viache humohumo ndani. Pima kuanzia katikati ya tairi, hapo kwenye habu, panda juu wima mpaka ukingo wa fenda. Usipime kutoka ardhini maana siku ukibadilisha tairi namba itakudanganya. Dogo leta kamera hapa. Mnaona, mbele kushoto sentimita 49, kulia, upande wa dereva, 47 na nusu. Chesisi haijapinda wala nini, ni springi za tangu Japani, miaka yote hiyo upande wa dereva haujawahi kukaa mtupu na dereva wa sasa tumbo lake mnaliona. Andika namba zote nne ukutani au kwenye simu, tutazirudia.

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Springi ikizeeka inalala, kwahiyo ukifunga mpya hata za urefu uleule wa kiwandani gari inaweza kupanda sentimita 2 au 3 na wewe ukadhani umenyanyua, kumbe umeirudisha ilipokuwa. Wapo watu nimewafungia springi za kawaida na shokapu mpya, wakaondoka wanacheka, ile inchi 4 hawajaitaja tena.

Alafu mzigo, na hapa naomba mtulie maana ndio roho ya video. Springi huchagui kwa urefu tu, unachagua kwa kilo. Kampuni kama Old Man Emu ya Australia gari hiyohiyo moja wana springi za aina kadhaa, urefu wa kunyanyua unakaribiana ila ugumu tofauti, hii ya gari tupu, hii ya gari yenye ngao ya chuma, hii yenye ngao na winchi, ile mashine ya kujivutia ukikwama, na nyuma vilevile. Sasa kaa chini uandike kinachokaa kwenye gari siku zote. Ngao ya chuma, keria ya juu, betri ya pili, boksi la spana, dumu la maji la lita 20 ambalo ni kilo 20 hizo. Siku zote nimesema. Yale machungwa ya Muheza unayopakia mara mbili kwa mwaka mpaka tairi inalia usiyaweke kwenye hesabu, siku hiyo utaendesha polepole tu.

Ukikosea ukafunga springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu, kwanza gari inakaa juu kuliko ulivyoahidiwa, pili inakurusha, kila tuta kichwa kinagonga paa na kwenye changarawe tairi inaruka inapoteza mshiko, na kuruka huko kwenye kona ndio hatari. Ukikosea kinyume chake, springi laini na ngao na winchi, gari inalala na kila shimo unasikia goo, hiyo ni ekseli inagotea kwenye mpira wake. Ngoja nicheze kidogo hapa mbele muone... umeona inavyolala hii? Imechoka.

Haya urefu. Kwa gari ya kila siku mimi nasema inchi 2, yani milimita 50 hivi, na sipendi kubishana. Gari kama hii ambayo mbele tairi zinajitegemea, ukipandisha sana zile shafti za mbele zinakaa kwa kona kali, sivijointi, yale maungio ya shafti yanayojikunja, zinakula, mpira wake unachanika unamwaga grisi, mwisho unaambiwa ushushe difu ya mbele, lile boksi la gia linalozungusha shafti, na ubadilishe mikono ya juu inayoshika tairi na gharama imeshakuwa mara mbili. Gari ya ekseli nzima mbele kama Land Cruiser mkonga shida yake nyingine, hiyo inaitwa kasta. Angalia uma wa baiskeli umelala kidogo kwenda mbele, hiyo ni moja ya sababu baiskeli inakwenda imenyooka hata ukiachia mikono. Gari nayo ina ulalo wake, sasa ukinyanyua mikono inayoshika ekseli inazunguka na ule ulalo unapungua, mjini hutoona kitu ila ukitoka Segera ukafika 100 usukani unakuwa unaelea, unarekebisha kila dakika. Dawa ipo, bushi, zile raba za kwenye maungio, zenye tundu la pembeni zinazorudisha kasta, ila uliza kama zimo kwenye seti kabla hujalipa.

Na kitu kimoja watu hawapendi kusikia. Springi hazinyanyui difu ya nyuma hata milimita moja, ekseli iko palepale, inayonyanyua ekseli ni tairi. Tairi ya 265/70 R16 ina kimo cha milimita 777, ukienda 265/75 R16 inakuwa 804, ekseli inapanda milimita 13 tu, na spidomita inabaki nyuma kama asilimia 3, ikikuonyesha 50 wewe unakaribia 52, wenye kupigwa tochi pale kwenye vibao vya 50 mnanielewa. Faida ya kunyanyua bodi ni bampa na tumbo la gari, mfano unapopanda kivuko pale Pangani kwenda Bweni hukwangui.

Sasa spesa. Kile kipande cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu ya mbele, bei chee, nusu siku umemaliza. Nami nilishaweka kwenye gari hiihii, fundi mzima. Nikasema nataka sentimita 4 nikaweka spesa ya sentimita 4, gari ikapanda karibu 7! Kumbe shokapu imefungwa katikati ya mkono unaoshika tairi, sio mwishoni kwenye tairi, kwahiyo unachoongeza pale juu, huku kwenye tairi kinazidi. Boljointi, yale maungio ya duara mwisho wa mkono, zikafika mwisho wake, kila nikishuka tuta inagonga ta, safari moja tu ya Amani wakati wa masika mpira wa sivijointi ukachanika. Ule mnyanyuo ulikuwa kama msemo wetu wa hapa, waja leo waondoka leo. Nikavua.

Shokapu nazo zisinunuliwe kwa rangi. Springi ikiwa ndefu na shokapu imebaki ya zamani, tairi ikining'inia shokapu inafika mwisho wa kuvutika na kugonga, inakufa mapema. Kwahiyo zinunuliwe pamoja, za kipimo kimoja. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, ukiendesha saa nzima barabara iliyokunjana kama bati mafuta ya ndani yanapata moto sana yanatoa povu, gari inaanza kuelea, ndio maana wanaweka gesi ya naitrojeni ndani kuzuia povu. Zipo za bomba moja zinapoa haraka ila jiwe likibonyeza bomba imekwisha, za bomba mbili zinavumilia zaidi mawe. Mimi kwa huku kwetu nafunga za bomba mbili.

Mkishafunga msikimbilie kupiga picha. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili tairi zikiwa zinaning'inia, angalia mipira ya breki isivutike, na waya wa ABS kama unao. Wenye Hilux angalieni huku nyuma, nyingi zina valvu ya breki yenye fimbo inayosoma mzigo, ukinyanyua nyuma inadhani gari tupu inapunguza breki za nyuma, fimbo hiyo lazima irekebishwe. Wenye springi bapa msirudishe yuboliti za zamani, zile boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, hasa sisi wa pwani chumvi imeshazila. Na bushi kazeni gari ikiwa chini imesimama kwa uzito wake, ukikaza ikiwa kwenye jeki zinajipinda zinakatika haraka.

Baada ya hapo alaimenti, yani kunyoosha tairi, lazima. Taa za mbele zishushwe, maana zitakuwa zinampiga mwenzio machoni. Ukifikisha kilomita 500 rudi kwa fundi akaze nati zote upya.

Tepu tena, springi mpya zikiwa zimeshafungwa. Mbele kushoto 53, kulia 53, nyuma 54 na 54, nyuma juu kidogo ni sawa, ukipakia itakaa. Tulipomaliza kufunga nilimpeleka bi mkubwa sokoni, akasimama mlangoni akaangalia gari akaniangalia mimi, akasema mwanangu hii nipandie wapi. Kwahiyo kesho tunafunga vikanyagio vya pembeni, na dogo zima kamera betri inaisha.