Skana Haioni Kiatu

Wadogo zangu, mmeniita nizungumzie fasheni, nami fasheni siijui. Miaka sita nilikuwa nyuma ya ukuta wa duka la kifahari Dubai, stoo. Mteja hatujui sisi. Anayetujua ni muuzaji, akija mbio: "Nyeusi, 38, upesi!"

Siku moja akaja mama na viatu alivyonunua kwetu. Cha kulia 38, cha kushoto 38 na nusu. Alikuwa ameshavivaa harusini, usiku kucha akidhani mguu umemvimba.

Sasa sikilizeni. Usiku wa kabla ya mauzo yale tulihesabu stoo nzima. Kompyuta: 38 jozi moja, 38 na nusu jozi moja. Skana ikasoma maboksi mawili, na kweli yalikuwapo mawili. Tofauti sifuri! Meneja akatia sahihi, tukaenda kulala. Boksi hakufungua mtu. Kumbe muuzaji alikuwa amemjaribisha mteja mwingine saizi zote mbili, akarudisha ovyo. Na hasara haikuwa jozi moja. Mbili, maana vile viwili vilivyobaki navyo haviuziki. Bei ya jozi moja ilipita mshahara wangu wa mwezi.

Skana husoma lebo ya boksi, basi. Tangu siku ile boksi likirudi stoo nafungua, nageuza viatu vyote viwili, nasoma saizi kwenye soli.

Mikoba nayo husema yenyewe, ukijua pa kuchungulia. Louis Vuitton, kuanzia 2007 hadi walipohamia kwenye chipu ya kielektroniki mwaka 2021, walipiga chapa ndani ya mkoba: herufi mbili za kiwanda na tarakimu nne. Ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. 2148: wiki ya 24, 2018. Mtu akikurudishia wa namna hiyo na risiti ya juzi, mnanielewa: huenda si ule mliomuuzia.

Adui mwingine ni jasho. Ninyi wa Mombasa mnajua kiatu cha ngozi kinavyoota ukungu kabatini. Kule stoo ni baridi, mlango wa kupokelea mizigo ni tanuri lenye unyevu wa bahari. Ukitoka na miwani inaingia ukungu; mkoba nao vivyo hivyo, ila mkoba haufutwi kwa shati. Kipima unyevu kilikuwa ukutani. Asubuhi nilikisoma kabla ya meseji za mke wangu, na hilo hajanisamehe.