Uzi Mmoja, Noti Moja: Mhadhara juu ya Ganuni na Ndugu Zake

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa muziki na wapenzi wa taarab, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Leo nazungumzia ganuni, ala ya nyuzi ya Waarabu inayotumika katika taarab, pamoja na ndugu zake wa jamii ya zitha, yaani ala zile zisizo na shingo, ambazo nyuzi zake zimelazwa juu ya sanduku la sauti kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mpiga udi akibana uzi shingoni hupata noti nyingi katika uzi uleule. Katika nyingi ya ala hizi kila uzi una noti yake, na anayetaka noti nyingine sharti atafute uzi mwingine. Naona kwamba historia ya jamii hii, kwa sehemu kubwa, ni historia ya namna watu walivyoishi na sharti hilo.

Katika lango kuu la kanisa la Santiago de Compostela, Hispania, ambalo vizingiti vyake viliwekwa na fundi Mateo mwaka 1188, wazee 24 wa Kitabu cha Ufunuo wamechongwa wakiwa na ala zao, zikiwamo salteri, yaani zitha za kudonoa za Ulaya ya kale. Karne iliyofuata, hati za nyimbo za Bikira Maria zilizoandaliwa katika kasri la Mfalme Alfonso wa Kumi zilichorwa wanamuziki wenye ala za namna hiyo, katika nchi ambayo ganuni ya Waarabu na salteri ya Wakristo zilikuwa majirani. Umbo lililopendwa sana Ulaya lilikuwa na mbavu mbili zilizobonyea kwa ndani, na Waitaliano wakalifananisha na pua ya nguruwe. Mpigaji aliikumbatia salteri kifuani, akaidonoa kwa risha, yaani vijiti vya kudonolea nyuzi, za unyoya.

Muziki wa Ulaya ulipozidi kudai nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili katika muziki huo, salteri ilielemewa, na kufikia mwaka 1500 hivi ilikuwa imekwisha kupoteza nafasi yake. Wengi husimulia habari hii kama kushindwa kwa ala duni. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu salteri haikufa: ilitiwa vibao vya kubonyeza. Kinanda cha nyuzi za kudonolewa, ambacho habari zake zinapatikana katika barua iliyoandikwa Padua mwaka 1397, kimsingi ni salteri ambayo risha zake zinaendeshwa na vibao badala ya vidole.

Mahali pengine sharti lile halikuwa kero hata kidogo. Kantele ya kale ya Wafini na Wakarelia ilichongwa katika gogo moja na kutiwa nyuzi 5 tu, nazo zilitosha, kwa kuwa nyimbo zao za kale kwa kawaida hazikuvuka noti 5. Ni katika miaka ya 1920 tu, kantele ilipoingia majukwaa ya tamasha, ndipo Paul Salminen alipoitengenezea mitambo ya kubadili nusu toni.

Karibu na kwetu kuna inanga ya Burundi na Rwanda, ambayo ni ubao uliochimbwa kama hori, na uzi mmoja mrefu ukapitishwa kwenda na kurudi juu yake mara kadhaa. Nawaomba wanafunzi waisikilize kwa makini ile ya Burundi inayoimbwa kwa kunong'ona. Mnong'ono hauna noti, lakini nyuzi nene za inanga zinapopigwa pamoja na maneno, sikio huamini kwamba mwimbaji ndiye anayepandisha na kushusha sauti.

Sasa nije kwenye ganuni. Ganuni ya kawaida ina nyuzi 78 hivi, zilizopangwa tatutatu, kila tatu zikiwa za noti moja. Upande wa kulia wa mpigaji, miguu ya daraja, yaani ubao mwembamba unaobeba nyuzi, haikanyagi mbao bali vipande vya ngozi ya samaki, na ngozi hiyo ndiyo inayoipa ala hii mlio wake mkavu unaong'aa. Zamani mpigaji alibana uzi kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto ili kupata noti ya kupita. Baadaye, hasa katika mikono ya mafundi wa Kituruki, viliongezwa vibati vidogo karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Kikiinuliwa kibati, uzi unafupika kidogo na noti inapanda, hata kwa chini ya nusu toni.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, na tangu kuundwa kwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa mwaka 1905 ala hii imekuwa na kiti chake katika taarab ya Unguja. Katika taarab ya kisasa kiti hicho kimekaliwa na kinanda cha umeme, ambacho kwa nasaba ni mjukuu wa salteri ileile. Sikichukii kinanda hicho, ila naumia kinapoambiwa kiige ganuni, maana mchezaji aliyekiacha kama kilivyotoka kiwandani ana noti 12 zilizokwisha pangwa katika kila oktava, yaani kutoka noti moja hadi ile ya jina lilelile iliyo juu yake, na ule mtetemo wa risha mbili zinazopokezana juu ya nyuzi tatu haupatikani kwa kubonyeza. Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kimefundisha vijana ganuni, na ninyi mnaotunga naomba muwaandikie vijana hao sehemu za ganuni hasa: taksim, yaani upigaji wa peke yake usioandikwa, ya kufungulia wimbo, vibwagizo vyenye oktava za mikono miwili, na nafasi ya kuinua vibati kabla maqam, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, haijabadilika.