Robo ya Nini? Akili Mnemba na Mgonjwa Anayetaka Kuelewa Utafiti

Ahsanteni. Naanza na lalamiko langu la siku zote. Walionisikia kabla wanivumilie. Vyombo vya akili mnemba vinavyotengenezwa ili mgonjwa aelewe utafiti vingi vinafanya kazi moja: vinaondoa maneno magumu na kuweka mepesi. Mgonjwa hakushindwa na maneno. Aliyeishi na presha miaka kumi mtajie "sistoli", ile namba ya juu ya presha, mara mbili tu, ya tatu atakufundisha wewe. Kinachomshinda ni hesabu, na hesabu ndiyo hutupwa ya kwanza.

Chukueni utafiti wa SPRINT, uliotoka mwaka 2015 katika New England Journal of Medicine. Watu 9,361 wenye presha waligawanywa kwa kura: kundi moja litibiwe mpaka namba ya juu ishuke chini ya 120, jingine chini ya 140. Bandika muhtasari wake kwenye programu, iambie ikueleze kwa lugha rahisi. Utapata sentensi ya namna hii: "Kushusha presha chini ya 120 kunapunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 25." Fupi, safi, na kwa kuamua atumie dawa au asitumie, haimsaidii mtu.

Asilimia 25 ya nini? Neno lenyewe linatukumbusha: asili, mia. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Ukimpa mtu kiasi ukamficha asili, hujampa kitu. Basi tuirudishe. Kundi la 140 lilikuwa na watu 4,683, na waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kushindwa kazi na mengine yaliyohesabiwa pamoja nayo walikuwa 319. Kundi la 120 lilikuwa na watu 4,678, wakapatwa 243. Gawanya, zidisha kwa elfu: 68 kwa 52. Maana yake, wakitibiwa hivyo watu 1,000 kwa miaka mitatu na kidogo, 16 wanaepushwa. Wengine 52 wanapatwa vilevile, na 932 wasingepatwa hata wangebaki kwenye lengo la 140. Hiyo ndiyo robo yenyewe: 16 katika 68. Hakuna aliyedanganya, ila mgonjwa aliyesikia "robo" alijiona kwenye foleni ya watu wanne ambao mmoja wao anaokolewa.

Sijamaliza. Figo kuumia ghafla, kwa uzito wa kuandikwa kuwa tukio kubwa: asilimia 4.1 kundi la 120, asilimia 2.5 kundi la 140. Kwa elfu ni 41 na 25. Toeni wenyewe. Kumi na sita tena! Sisemi mizani imelingana. Kiharusi kinaweza kumlaza mtu upande mmoja wa mwili maisha yake yote, na wengi wa hao wa figo walipata nafuu. Lakini mwenye kupima mizani hiyo ni mwenye figo, na ule muhtasari mwepesi umemwandikia "kulikuwa na baadhi ya madhara". Baadhi!

Najua kuna daktari humu anasema moyoni kwamba namba zitamtisha mgonjwa. Kinachotisha ni namba isiyo na asili. Oktoba 1995 Uingereza ilitoa onyo kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maradufu! Wanawake wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukapanda. Asili yake ilikuwa hii: kutoka mmoja katika 7,000 hadi wawili katika 7,000. Na ujauzito wenyewe unagandisha damu kuliko vidonge hivyo.

Sasa, kazi. Usiipe programu muhtasari, ipe makala nzima pamoja na majedwali. Usianze na "nifafanulie", anza na "nitolee": wangapi walikuwa katika kila kundi, wangapi walipatwa, kwa muda gani, nani walikataliwa kuingia, madhara gani kwa kila kundi. Kila jibu lije na sentensi au mstari wa jedwali lilikotolewa, neno kwa neno. Kisha fungua makala, tafuta sentensi hiyo. Haipo? Jibu hilo limetungwa, litupe. Ikipatikana, gawanya mwenyewe kwa kikokotoo, na asili iwe elfu moja kwa faida na kwa madhara pia. Hapo ndipo uiambie iandike.

Na angalieni majedwali kwa jicho kali. Faili inaposomwa, safu husogeana, na 2.4 ya kundi hili huangukia kundi lile. Uwiano wa hatari wa 0.75, yaani hatari ya kundi la 120 ikigawanywa kwa ya kundi la 140, nao husomwa "una asilimia 75 ya kupona", jambo ambalo halimo popote kwenye makala.

Hilo la waliokataliwa lisirukwe. SPRINT haikuchukua wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi. Mgonjwa wako ana kisukari? Basi zile namba zote nilizowatajia ni za mtu mwingine. Hata kipimo: walikaa kimya dakika tano, mashine ikapima mara tatu, ukachukuliwa wastani. Hiyo 120 siyo ya mtu aliyepimwa mara moja, anahema, katikati ya mazungumzo.

Kiswahili, haraka haraka. "Tofauti kubwa" mara nyingi ni tafsiri mbovu ya "significant": watafiti walisema haielekei kuwa ya bahati tu, na inaweza kuwa ndogo sana. Kidonge kisicho na dawa kikitafsiriwa "dawa bandia", mgonjwa anasikia amepewa dawa feki. Nimeona na "washiriki walipofushwa". Hawakupofushwa, hawakuambiwa wako kundi gani. Na wale wanaopima wepesi wa maandishi yetu kwa fomula ya Kiingereza inayohesabu silabi, waache. "Hawajatuambia" ina silabi saba na mtoto anaielewa. "Wengu" ina mbili. Mwulize jirani yako hapo liko wapi mwilini.

Naoneshwa kadi, dakika mbili. Nilikuwa na sehemu nzima juu ya matokeo yaliyopangwa kupimwa ambayo hubadilishwa baada ya utafiti kuanza, itabidi mwende wenyewe ClinicalTrials.gov, daftari la mtandaoni la kusajili tafiti, mlinganishe kilichosajiliwa na kilichochapishwa. Marejeo: ukiiuliza programu bila kuipa makala, inaweza kukutajia makala ambayo haijawahi kuandikwa, yenye jarida na kurasa zake, tafuta namba ya DOI, kitambulisho cha makala mtandaoni, kabla ya kumwonesha mtu. Na mnapobandika majibu ya maabara ili yalinganishwe na utafiti, futeni jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili. Ziko pia kwenye kijachini cha kila ukurasa, na huko ndiko husahaulika.