Mishkaki ya Njiani

(Mhadhara uliotolewa baada ya sala ya Isha, Langoni, Lamu)

Haki za mke na mume mshazisikia. Hapa Amu hata watoto wa madrasa wazijua. Sitazirudia. Mimi nina mishkaki yangu, na mlioisikia mnivumilie.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, kila nikitoka msikitini nilikuwa napitia pwani. Mishkaki minne, mkate wa mofa, ukwaju juu. Nafuta mdomo, naenda nyumbani. Mke wangu kapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kakaa hajala, anisubiri. Naonja matonge mawili, nasema, "Leo tumbo haliko sawa." Mwezi mzima! Naye, maskini, anichemshia tangawizi kwa hilo tumbo. Hata siku moja ya kufua akaja na kanzu mkononi, kidole kifuani penye doa la kahawia. Akalinusa. "Bwana, kumbe tumbo lako lapenda ukwaju." Hakugomba. Usiku ule nilimkuta ameshakula, chungu kimeoshwa, kimefudikizwa.

Namwona mmoja nyuma ya nguzo asema moyoni: "Sheikh, mishkaki si haramu, na matumizi natoa." Nani kasema haramu? Na matumizi, bwana wee, hata mahabusu hulishwa! Bi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akasema alikuwa akiwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka akenda kusali. Wewe gilasi ya maji iko hatua mbili, wamwita mtu ashuke orofani akupe.

Kina mama, msicheke sana. Pesa ya mke ni yake, iwe ya hina au ya mahamri. Hilo halina mjadala. Lakini Zaynab, mkewe sahaba Abdullah bin Mas'ud, alipouliza kama sadaka yake yafaa kumpa mumewe, aliambiwa na Mtume (s.a.w.) ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Sasa kusi lavuma, bahari imechafuka, mumeo wiki mbili hajashusha mashua, nawe wahesabu bangili kabatini huku wamtazama akikopa unga dukani?

Haraka haraka, la sheria. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, hata kazi ya shamba, kuwa mchango. Najua, najua, Waislamu tuna sheria yetu na kadhi wetu. Lakini wewe usemaye "huyu hakuchangia kitu", wabunge wa Nairobi wameliona jasho la jikoni kwako kabla yako!

Nilikuwa na la simu, na la mama mkwe, ambalo lataka usiku wake peke yake. Wa kahawa ameshapita mara mbili. Hii hapa karatasi ya maswali kutoka upande wa kina mama. La kwanza: je, lile doa lilitoka?

Halikutoka.