Mdomo wa Kukodi: Mwalimu Mgeni wa Kiingereza katika Shule za Japani

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma mkidhani siwaoni, karibuni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kazi niliyoifanya miaka kadhaa katika mkoa wa Shimane, magharibi ya Japani, kwenye pwani ya Bahari ya Japani. Najua nusu yenu mmefuata habari ya mshahara. Tutafika huko. Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi, maana wengi hupanda ndege wakiamini wanakwenda kufundisha.

Cheo ni mwalimu msaidizi wa lugha, na kwa kifupi tunaitwa ALT. Huna leseni ya ualimu ya Japani, kwa hiyo darasa si lako. Ni la mwalimu Mjapani, wewe upo pembeni yake. Yeye ndiye anayepanga somo, anayesahihisha mitihani na anayeitwa mzazi akilalamika. Wewe unasoma kifungu kwa sauti, watoto wanarudia. Unasoma tena, wanarudia tena. Kuna siku niliona redio ya kaseti iliyowekwa juu ya kabati nikaihurumia, tulikuwa wafanyakazi wenza.

Zamani haikuwa hivi. Matsue, mji mkuu wa Shimane, ndiko alikofikia Lafcadio Hearn mwaka 1890, mtu aliyezaliwa kisiwani Ugiriki na kulelewa Ireland. Aliajiriwa kufundisha Kiingereza kwa yen 100 kwa mwezi, fedha nyingi kwa enzi hizo. Akaoa huko, mwaka 1896 akawa raia kwa jina la Koizumi Yakumo, akaishia kufundisha Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Alipoondolewa mwaka 1903, mmoja wa waliochukua nafasi yake alikuwa Mjapani aliyetoka kusoma London, Natsume Soseki, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa. Hapo ndipo mambo yalipogeuka: wenyeji walikwisha kuwa na wataalamu wao wa Kiingereza, mgeni hakuhitajika tena kuwa mwalimu mkuu wa somo. Nyumba ya Hearn bado imehifadhiwa kando ya mfereji wa ngome ya Matsue, na watalii humiminika pale.

Mpango wa leo wa serikali ya Japani wa kualika wageni kama mimi, unaoitwa JET, ulianza mwaka 1987 kwa watu 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Ilikuwa miaka ambayo Japani na Marekani wanavutana juu ya biashara, na serikali ya Tokyo ilitaka ionekane inafungua milango. Kwa hiyo tangu mwanzo shabaha haikuwa sarufi tu. Walitaka mtoto wa kijijini amwone mgeni, amzoee, amsikie anavyocheka. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini unalipwa siku nzima kumbe vipindi ni vitatu au vinne.

Sasa twende kwenye kiini cha mambo. Japani inakodi mdomo, lakini mtihani unapima macho. Mtoto akimaliza shule ya kati, akiwa na miaka 15, anafanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Akiitaka elimu ya chuo kikuu, anakutana na mtihani wa pamoja wa taifa. Humo Kiingereza ni kusoma, na tangu mwaka 2006 kusikiliza pia. Kuzungumza hakumo. Serikali ilipanga kuingiza mitihani ya kampuni binafsi ili kuzungumza na kuandika navyo vipimwe, lakini Novemba 2019 ikarudi nyuma baada ya malalamiko juu ya ada, na juu ya watoto wa mbali ambao wangelazimika kusafiri kuifuata. Jiji la Tokyo limethubutu: tangu mwaka 2022 linawapima kuzungumza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya kati. Sehemu nyingi mambo ni yale yale.

Jiweke basi kwenye nafasi ya mwalimu wa Kiingereza wa shule ya kati. Ana kitabu cha kumaliza, ana wazazi wanaohesabu alama, halafu Jumanne anatokea mgeni mwenye kadi za michezo. Binafsi simlaumu. Aliyekuwa mwenzangu wa muda mrefu alinipa dakika 10 za mwanzo wa kipindi, na alizilinda kama mali ya yatima. Zikitimia 10, anafungua kitabu. Na katika hizo 10, ukimuuliza mtoto swali jepesi, mathalani jana alikula nini, hatakujibu papo hapo. Atamgeukia jirani, wanong'onezane, jirani naye amuulize wa nyuma, kisha jibu litoke likiwa limepitishwa na kamati nzima. Mgeni asiyejua hukimbilia kuujaza ukimya ule kwa maneno yake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo anamkata mtoto aliyekuwa amebakiza sekunde mbili tu afungue kinywa. Ngojeni. Ni kazi ngumu kuliko kusema.

Shule za msingi ni dunia nyingine. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo kamili darasa la 5 na la 6, na darasa la 3 na la 4 wana michezo na nyimbo. Anayefundisha mara nyingi ni mwalimu wa darasa, yule yule wa hesabu na mazoezi ya viungo, na wengine Kiingereza kinawatia kiwewe kuliko watoto. Huko unaweza kujikuta unaendesha kipindi chote peke yako huku mwenye darasa akipiga makofi. Kwenye karatasi wewe bado ni msaidizi.

Siku inaanza mlangoni. Unavua viatu, unaviweka kwenye kabati lako, unavaa vya ndani. Chumba cha walimu ni ukumbi mmoja, meza zimepangwa zikitazamana, na naibu mwalimu mkuu amekaa mahali ambapo anamwona kila mtu. Vipindi ni dakika 50 shule ya kati, 45 msingi. Mchana wenzako hawatoki kwenda hotelini, wala hakuna mpishi wa kukupakulia. Watoto wa zamu wanavaa makoti meupe na kofia, wanaburuta toroli la masufuria, wanapakua kwa wote, na mwalimu anakula chakula kile kile darasani pamoja nao. Mwalimu mkuu ameshakionja mapema. Hiyo ni taratibu ya usalama, si ulafi. Siku ya supu ya kome wadogo wa Ziwa Shinji utasikia maganda yakigonga mabakuli darasa zima. Ikibaki pakiti moja ya maziwa, wanaoitaka wanasimama na kuipigania kwa mchezo wa mikono: jiwe, mkasi, karatasi.

Mimi ni Mwislamu, na nguruwe kwenye chakula cha shule si adimu. Ratiba ya mwezi hutoka mapema, imeorodhesha viungo vyote, na mama wa lishe alikuwa akinizungushia kwa kalamu nyekundu siku ambazo nije na chakula changu. Hakunihoji dini. Alitaka orodha tu, kisha akaifuata kwa uaminifu ambao sijauona hata kwenye hoteli zetu hapa Mombasa.

Baada ya kula kuna usafi. Muziki unapigwa, watoto wanashika mafagio na matambara, wanafuta sakafu wakikimbia wameinama, viganja chini. Naam, hapa ndipo Kiingereza kilipotoka! Mvulana ambaye darasani hakuwahi kunitazama usoni, tukiwa tunafuta ngazi pamoja, aliniuliza kama kweli kwetu kila mtu anakimbia. Alikuwa na sababu. Wajapani wanazipenda sana mbio za kupokezana za masafa marefu, na Wakenya wamo humo kwa miaka mingi. Samuel Wanjiru alipelekwa sekondari huko Sendai mwaka 2002 akiwa kijana mdogo, na mwaka 2008 akatwaa dhahabu ya maratoni Beijing. Kwa hiyo siku ya michezo ilipofika niliwekwa kwenye timu ya walimu bila kuulizwa, mimi ambaye hata matatu ikiniacha nangoja inayofuata. Tulishika mkia. Watoto walifurahi kuliko tungeshinda, na kwa wiki nzima nilisalimiwa barabarani na watu nisiowajua.

Haya, mshahara. Kupitia JET, kwa miaka mingi mwaka wa kwanza ulikuwa yen 3,360,000. Mwaka 2025 umepanda na kupita milioni 4. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, mwisho mitano. Nchi zinazoalikwa hubadilika, waulizeni ubalozi wa Japani mapema, maana maombi kwa kawaida hupokelewa miezi ya mwisho wa mwaka na safari ni Julai au Agosti inayofuata.

Njia ya pili ni kampuni za uwakala. Hizo mara nyingi hulipa yen laki mbili na kitu kwa mwezi, na zipo zinazokata Agosti shule zikifungwa. Hapa fungueni masikio. Kwa baadhi ya mikataba hiyo mwajiri wako ni kampuni, si shule, kwa hiyo kisheria mwalimu mliyesimama naye darasani haruhusiwi kukupa maagizo. Maelekezo yapitie kampuni. Fikirieni watu wawili mbele ya watoto 35, na mmoja akitaka mwenzake asome ukurasa wa 12 inabidi awe amelisema jana kwa barua pepe. Kila mtu hujifanya hajui, mpaka litokee tatizo.

Na kwa ndugu zangu wa Tanzania: kwa viza ya ualimu, anayefundisha lugha ya kigeni anatakiwa awe amesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili miaka 7, kisha sekondari miaka 6 na chuo miaka 3 kwa Kiingereza, anafika 9. Sheria haijali kwamba unakizungumza vizuri. Msiuze shamba kabla ya kufanya hesabu hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona mkono pale nyuma, dada mwenye mtandio wa kijani, tuanze na swali lako.